Montagne d'Ambre, Madagaska: jinsi ya kutembea msituni na mwongozaji mpaka kwenye maporomoko

Watu wengi huku kwetu tukisikia Madagaska tunawaza mibuyu na lemuri basi, alafu tunajiambia ni mbali na ni ghali, wakati ni jirani zetu kabisa. Tofauti ya masaa kati yetu na wao hakuna, na ndege ya Nairobi kwenda Antananarivo, mji wao mkuu, ni masaa matatu na kitu. Kule kaskazini mwa kisiwa, juu ya mji wa Antsiranana ambao karibu kila mtu bado anauita Diego, kuna mlima wa volkano iliyozimika zamani unaitwa Montagne d'Ambre, umefunikwa na msitu wa mvua, na ndani yake kuna maporomoko ambayo mtu wa kawaida anayafikia kwa miguu bila kuwa mwanariadha. Chini Diego ni joto na vumbi, zaidi ya nusu ya mwaka hakuna mvua ya maana, lakini kule juu inanyesha zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka na maji wanayokunywa watu wa mjini yanatoka huko huko mlimani. Ni hifadhi ya taifa tangu 1958.

Nisisitize kitu kimoja kabla sijaanza, maana wengi wanaenda na akili ya kukimbilia maporomoko, wapige picha, warudi. Hela yako pale unalipia macho ya mwongozaji. Maporomoko hata ungekuwa peke yako ungeyapata, yanapiga kelele yenyewe. Kinyonga wa sentimita tatu aliyelala chini ya jani kavu hutomwona hata ukae siku nzima.

1. Chagua mwezi

Mvua kubwa ni kuanzia Desemba mpaka Aprili, na Januari mpaka Machi ndio msimu wa vimbunga kwaiyo hapo usijitie ushujaa, barabara zinaharibika na njia za msituni zinakuwa tope tupu. Kuanzia Mei ni kukavu zaidi japo juu mlimani mvua inaweza kukushukia siku yoyote ile, na huko chini Diego unakuta upepo mkali sana wanauita varatraza unaovuma miezi na miezi.

Wengi watakwambia nenda Julai au Agosti kwa sababu ndio ukavu wenyewe. Mi siwaungi mkono. Miezi hiyo kule juu ni baridi na vinyonga na mijusi wanapoa, wengi hawaonekani. Kama una uhuru wa kuchagua nenda mwishoni mwa Aprili au Mei, maji bado mengi kwenye maporomoko na vyura bado wanalia, au subiri Oktoba na Novemba ambapo lemuri wanakuwa na watoto wadogo waliong'ang'ania manyoya ya tumbo la mama. Maji yanakuwa yamepungua kidogo lakini sio kwamba yamekauka.

2. Fika Diego

Kutoka Antananarivo kuna ndege ya ndani, na kuna taxi-brousse, yaani haisi zao, ambayo ni zaidi ya kilomita elfu moja na unakaa humo usiku na mchana, magoti yamegusa kidevu. Panda ndege kama mfuko unaruhusu. Wanaoanzia kisiwa cha Nosy Be wanavuka kwa boti mpaka Ankify alafu wanapita Ambanja na Ambilobe kwa barabara, na hiyo barabara uliza hali yake kabla hujalipa nauli maana ina sifa yake.

Mambo ya karatasi: viza waafrika mashariki wengi tunapata kule kule uwanja wa ndege, lakini masharti yanabadilika kwaiyo hakikisha wiki ya safari. Ukitokea Kenya au nchi nyingine yenye homa ya manjano beba kadi yako ya chanjo. Malaria ipo, ongea na daktari kuhusu dawa ya kinga mapema, sio siku ya kuondoka.

Hela yao ni ariary na noti kubwa kuliko zote ni ya 20,000 ambayo haifiki hata dola 5, kwaiyo usishangae mfuko umevimba kama wa kondakta. Toa hela Diego kwenye ATM, za kutosha safari yote, huko juu usitegemee mashine wala kadi. Tafuta na noti ndogo ndogo, chenji ni tatizo. Alafu kuna jambo linawachanganya wageni, wazee na wauzaji wa sokoni wengine bado wanataja bei kwa faranga za zamani, na ariary moja ni faranga tano. Ukitajiwa bei ya kutisha kwa fungu la ndizi usianze kugomba, uliza kwanza ni ariary au faranga.

Chakula hakina shida kwa waislamu, Diego ina misikiti na waislamu wengi, wamo Wakomoro na Wahindi na Waantankarana, kabila la wenyeji wenyewe. Na akina mama mtakuta vazi lao linaitwa lambahoany, ni kanga kabisa, hadi maneno yapo pale chini kwenye pindo. Nunueni mkirudi, sio mkienda, litalowa bure.

3. Pakia begi

Usibebe mengi. Viatu vyenye meno chini ndio kitu namba moja, raba za kawaida za mjini zilizolainika soli ziache hotelini kwa sababu njia ya kushukia maporomoko makubwa ina udongo mwekundu na mizizi na vikilowana ni kama vimepakwa sabuni. Suruali ndefu nyepesi, sio jinzi, jinzi ikilowa haikauki siku hiyo. Soksi ndefu, nitakwambia kwanini. Koti la mvua jepesi na sweta, najua chini Diego unatoka jasho na unaona nakutania ila msitu unaanzia kama mita 850 na kilele kipo mita 1,475, asubuhi unatetemeka vizuri tu. Maji lita moja na nusu kila mtu, mikate na ndizi, mfuko wa nailoni wa kufunika simu, tochi ndogo.

Hiyo tochi ni ya mchana. Msituni kuna giza giza, na mwongozaji akikuonyesha kitu ndani ya shimo la mti utaihitaji.

Soksi sasa. Kuna ruba. Sio wengi kipindi cha kiangazi lakini mvua ikinyesha wanatoka, wembamba kama uzi, wanapanda kiatu bila wewe kusikia chochote. Ingiza suruali ndani ya soksi, utaonekana mshamba lakini utarudi na damu yako. Akikung'ata usimchome na kiberiti wala kumvuta kwa nguvu, telezesha ukucha pale alipong'ang'ania mdomo mpaka aachie, alafu osha. Damu itatoka kwa muda mrefu kidogo hata kama kidonda ni kidogo, ni kawaida, hawaambukizi ugonjwa wa kutisha. Chumvi kidogo kwenye kipande cha kitambaa nayo inafanya kazi.

Kuhusu nyoka, hapa ndio Madagaska inapotushinda. Huku kwetu ukiingia msituni akili yote ipo kwa koboko na songwe. Kule nyoka wapo tena wengi, ila hawana sumu ya kumhatarisha mtu. Hakuna chui wala tembo wala nyati. Mnyama mkubwa anayewinda msituni ni fosa, jamaa ya nguchiro anayefanana na paka, nae ukimwona mshukuru Mungu kwa bahati maana wenyeji wenyewe wanakaa miaka hawajamwona. Kwaiyo unatembea macho yakiwa juu ya miti, mkao ambao sisi hatujauzoea.

4. Asubuhi, panda mpaka Joffreville

Kutoka Diego mpaka kijiji cha Joffreville ni kama kilomita 30. Kuna taxi-brousse za bei rahisi lakini zinaondoka zikijaa, alafu kutoka kijijini mpaka getini bado kuna kilomita kadhaa za kupanda. Mkiwa wawili au zaidi kodini gari na dereva kwa siku nzima, mkubaliane na mafuta yamo au hayamo, na muulize kama gari lake linafika juu kabisa maana baada ya kijiji barabara ina mashimo na kipindi cha mvua bila gari la kuvuta magurudumu yote mnashuka kusukuma. Angalizo: saa yao wanaihesabu kizungu. Dereva akisema tukutane saa 6 asubuhi ni saa 12 yetu, sio mchana.

Ondokeni alfajiri. Mkianza kupanda mtaona mashamba ya vichaka vya kijani vimekatwa katwa vizuri, wale wa Meru na Mombasa watavitambua hata gari likiwa linakimbia: ni mirungi. Wenyewe wanaita katy, inalimwa sana miteremko ya mlima huu na inaliwa Diego nzima, mchana unaona mashavu yamejaa kila kibaraza. Ni biashara halali kule, na dereva wako akianza kutafuna usishtuke, ila kama hujazoea usijaribu asubuhi ya kupanda mlima, moyo utakwenda mbio kabla miguu haijaanza kazi.

Joffreville yenyewe ni kijiji chenye nyumba za kikoloni zilizochakaa, Wafaransa walikifanya mahali pa kupumzikia wanajeshi wao wakikimbia joto la Diego. Watu wetu nao wamepita huku kaskazini, mwaka 1942 Waingereza walipoichukua Madagaska kutoka kwa serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, walianzia Diego, na baadae wakaleta askari wa King's African Rifles, jeshi lao la Waafrika wa huku kwetu. Pale mjini kuna makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, kama una babu aliyesimulia Bukini, yaani Madagaska kwa jina la zamani, pita uangalie.

5. Getini: lipa, alafu ongea na mwongozaji KABLA ya kuanza

Hifadhi inasimamiwa na Madagascar National Parks. Unalipa kiingilio ofisini na unapewa tiketi, mwongozaji ni lazima na anatoka kwenye orodha yao, ana kitambulisho. Bei za waongozaji zimebandikwa kufuatana na njia mtakayopita, na kwa kawaida ni bei ya kundi zima, sio ya kila kichwa, kwaiyo mkikuta wageni wengine wanaotaka njia ile ile unganeni. Msizidi wanne watano lakini, kundi kubwa linafukuza kila kitu chenye masikio.

Usimchukue kijana aliyekukamata stendi Diego akidai yeye ndio mwongozaji, hata kama anajua kiswahili cha "hakuna matata". Getini atakuwa abiria tu na utalipa mara mbili.

Wengi wanaongea kifaransa, wapo wa kiingereza, uliza ofisini wakupe unayeelewana nae. Alafu kaa nae dakika tano umwambie mambo haya: unataka maporomoko madogo na makubwa, unataka kwenda taratibu, na unataka kutafuta kinyonga mdogo, Brookesia. Ukimtajia hilo jina anajua huyu sio wa kupiga picha na kuondoka, na mwendo wake unabadilika pale pale. Mwambie ukweli pia kama una goti bovu au presha, kuna njia fupi na ndefu na yeye ndio anajua ipi ina ngazi. Ulizia na fady, miiko ya sehemu ile, ni bora uijue mapema kuliko kukumbushwa umeshaivunja.

6. Tembea, na hapa ndio usiwe na haraka

Gari linafika mpaka sehemu ya kambi inaitwa Roussettes, kwenye mita elfu moja hivi, na njia nyingi zinaanzia hapo. Kabla hamjaenda popote kaeni kimya kidogo pale pale kwenye meza za wageni. Lemuri wanapita juu ya miti, kuna aina mbili za mchana unazoweza kuona, wenye taji, dume ana rangi ya chungwa kichwani na doa jeusi katikati, jike ni wa kijivu mwenye utepe wa chungwa juu ya paji, na wale wa Sanford ambao madume yana ndevu na manyoya masikioni kama mzee aliyekosa kinyozi. Kuna na mnyama mwekundu mwenye mkia wa pete, kama nguchiro, anazunguka mezani kutafuta makombo. Usimpe, hata akikuangalia kwa huruma. Wanyama wakizoea mikate wanakuwa wezi na wanaanza kung'ata watu.

Njia ya mwanzo ni tambarare, miti mirefu, makangaga makubwa yameota juu ya matawi kama vikapu vilivyoning'inizwa, mengine yenyewe ni miti mizima. Hapo mwongozaji ataanza kuchelewa nyuma. Muache. Wa kwetu alipiga magoti pembeni ya shina, akawa anafunua majani makavu moja moja kwa kijiti, hasemi kitu, alafu akatuita kwa kidole. Tukaangalia, hatuoni. Akasogeza kijiti karibu, bado hatuoni, mpaka kile tulichodhani ni kipande cha ganda la mti kikakunja miguu na kuanguka ubavu kujifanya kimekufa. Ni kinyonga mzima kabisa, macho yanazunguka, mkia haubiringiki kama wa vinyonga wetu, urefu wote kuanzia pua mpaka mkia hajazidi kifundo cha kidole gumba kwa mengi. Ni Brookesia tuberculata, ni kati ya vinyonga wadogo kabisa duniani, na anaishi mlima huu.

Usiombe uwekewe mkononi. Waongozaji wengine watakubali wakitegemea bakshishi, wewe ndio useme hapana, inama umpige picha akiwa chini, zima flashi. Na ukishajua wapo chini ya majani unatembea katikati ya njia, hukanyagi kanyagi pembeni.

Mwingine wa kumuulizia ni mjusi mwenye mkia kama jani, Uroplatus. Analala mchana kwenye shina kichwa kikiwa chini, na pembeni mwa mwili wote ana ngozi kama pindo la nguo anayoilaza kwenye gamba la mti ili asitoe kivuli. Mwongozaji ataonyesha mti, utaangalia mti, utasema ndio nimemwona kwa aibu tu. Usidanganye, mwambie akuonyeshe jicho kwanza, ukishapata jicho mwili wote unajitokeza.

7. Maporomoko madogo, Cascade Sacrée

Haya yako karibu na Roussettes, hata mtoto na mzee wanafika. Maji yanaanguka kwenye bwawa dogo, kuta zote zimejaa makangaga yanayodondosha matone. Ni sehemu takatifu kwa wenyeji, wanakuja kuomba na kutoa shukrani, kwaiyo ukikuta vitu vimewekwa kwenye jiwe usiguse, usihamishe ili picha ipendeze, na ukikuta watu wapo kwenye maombi yao subiri mbali mpaka wamalize. Usionyeshe kwa kidole kilichonyooka, kunja kidole, ndio adabu ya huko kwenye vitu vya heshima. Na usivue nguo kuingia majini eti kwasababu hakuna kibao kinachokataza. Muulize mwongozaji, akisema hapana ni hapana.

8. Maporomoko makubwa, Antomboka

Haya ndio ya kutoa jasho. Yanaanguka mita 80 hivi ndani ya korongo jembamba, na mnayaona kwanza kutokea juu kwenye sehemu ya kuangalizia. Njia inashuka kwa mkali, ngazi za udongo na mizizi. Kushuka geuza miguu ubavu ubavu, hatua fupi, magoti yamelegea, na usishike mti wowote bila kuangalia unashika nini, mingine ina miiba na mingine imeoza inabaki mkononi. Mwacheni mtu wa mbele afike mahali pa kusimama ndio wa pili aanze, mkiteleza msiteleze wote. Simu iwe mfukoni muda wote wa kushuka. Na pale juu kwenye ukingo usisogee kutafuta picha ya kujipiga, majani yamefunika mwisho wa ardhi na huwezi kujua inaishia wapi.

Mvua ikianza mkiwa bado hamjashuka ahirisheni, mridhike na mtazamo wa juu. Kupanda kurudi ndio kunakata pumzi, sio kushuka, kwaiyo bakisha nusu ya maji. Kwa mwendo wa kuangalia vitu, maporomoko yote mawili na kurudi Roussettes weka masaa matatu mpaka manne.

Mkiwa na nguvu bado kuna maziwa ya volkano, la Coupe Verte halipo mbali na lina rangi ya kijani iliyokolea. Kilele ni safari ya siku nzima peke yake, usichanganye na maporomoko.

9. Kutoka

Kabla ya kuingia garini vueni viatu mkaguane miguu, nyuma ya magoti na kiunoni. Bakshishi mpe mwongozaji mkononi mwake mwenyewe, ariary, sio dola zilizochakaa ambazo atahangaika kuzibadilisha. Kama alikuonyesha Brookesia ongeza.

Matembezi ya usiku ndani ya hifadhi hayaruhusiwi, ila kama mnalala Joffreville mwongozaji huyo huyo anaweza kuwatembeza na tochi barabarani nje ya mpaka, na hapo mnaona lemuri wadogo wa usiku, wanafanana na komba wa kwetu, na vinyonga wamelala kwenye ncha za matawi wamepauka hadi tochi inawaokota kirahisi. Mimi ningelala, hoteli ndogo zipo na asubuhi kijiji kinapendeza. Wanaorudi Diego kwa usafiri wa umma waulize asubuhi ile ile gari la mwisho linaondoka saa ngapi, na wafike nusu saa kabla, kwasababu likijaa mapema linaondoka mapema.